Kwa Mheshimiwa Mmiliki, Kabla ya Mechi ya Mwisho

Kwako Mheshimiwa Mwenyekiti, Mmiliki wa klabu, mwenye uwanja, mwenye jezi na mwenye neno la mwisho,

Shikamoo. Shikamoo tena kwa niaba ya wenzangu wa jukwaa la mashariki, ambao sauti zimewakauka. Natumaini waraka huu utakukuta u buheri wa afya, wewe, familia yako na mawakili wako. Mimi ni mtu wa Tanga niliyehamia mji huu wa kaskazini mwa Uingereza, nikaipenda timu niliyoikuta mtaani. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa kuwa barua zangu za Kiingereza hazikujibiwa, na sipendi kukutaabisha zaidi ya hapo.

Kwanza nishukuru, maana asiyeshukuru kidogo hashukuru kikubwa. Umetufundisha kutokuwa na makuu. Zamani tuliuliza nani kasajiliwa. Siku hizi tunauliza kama mishahara ya wachezaji imetoka, na ikitoka tunakumbatiana. Ulipomuuza mshambuliaji wetu Januari, ulitupumzisha na presha ya kila kona, kwa kuwa hayupo tena wa kuiunganisha. Ahsante sana, Mheshimiwa.

Sasa imebaki mechi moja. Tuko nafasi ya 23 kati ya timu 24 za daraja la nne, na mbili za mkiani zinatoka kabisa kwenye Football League. Kwa mwenye shughuli nyingi kama wewe, huenda hilo halijakufikia. Zamani timu za mkiani ziliomba kura za wenzao ili zibaki, na mara nyingi zilihurumiwa, ingawa Barrow ilinyimwa mwaka 1972 ikaingia Hereford, na Workington ikaipisha Wimbledon mwaka 1977. Kuanzia msimu wa 1986/87 kura zikafutwa, wa mwisho akawa anashuka. Tangu 2003 wanashuka wawili.

Kushuka ni kwa siku moja, Mheshimiwa. Kupanda ndiko kunakozeesha watu. Notts County, iliyoanzishwa mwaka 1862 na kuwa miongoni mwa klabu 12 zilizoanzisha ligi yenyewe mwaka 1888, ilishuka 2019. Msimu wa 2022/23 ilivuna pointi 107 na bado haikupanda moja kwa moja, kwa kuwa Wrexham ilikuwa na 111 na nafasi hiyo ni ya bingwa peke yake. Ikabidi ipite kwenye mtoano, na fainali ikaamuliwa kwa penalti. Stockport County ilishuka 2011, ikaporomoka hadi daraja la sita, ikarudi 2022. Na hao ndio waliorudi. Bury, iliyotwaa Kombe la FA mwaka 1900 na tena 1903 kwa kuifunga Derby County 6-0, ilifukuzwa kwenye ligi Agosti 2019 kabla haijacheza hata mechi moja ya ligi msimu ule. Haikuzidiwa na wapinzani. Ilizidiwa na hesabu zake yenyewe.

Kuna wazee hapa wanaokalia viti walivyokalia baba zao. Wengine ni wajane, na Jumamosi ndiyo siku yao ya kusikia mtu akiwaita kwa jina. Kwa ajili yao nakupigia magoti, na sioni haya kuyapiga.

Siombi fedha. Siombi mchezaji, dirisha la usajili limeshafungwa. Siombi hata uje uwanjani, nisije nikakukosea adabu.

Naomba mbwa.

Tarehe 9 Mei 1987, msimu ule ule kura zilipofutwa, Torquay United ilikuwa nyumbani ikicheza na Crewe Alexandra, nayo ikikaribia kushuka. Walikwenda mapumziko wamefungwa 2-0. Beki wao Jim McNichol akarudisha moja. Baadaye, akikimbilia mpira pembeni mwa uwanja, akang'atwa paja na mbwa wa polisi. Akatibiwa, mwamuzi akafidia muda uliopotea, na katika dakika hizo za nyongeza Paul Dobson akasawazisha. Torquay ikalingana pointi na Lincoln City, ikasalimika kwa tofauti ya mabao. Lincoln ndiyo iliyoshuka. Sijui dawa nyingine iliyowahi kuiponya timu kwa haraka namna ile.

Polisi wa hapa nimewaomba, wamekataa kwa heshima zote. Lakini wewe, Mheshimiwa, unao watatu getini kwako, wakubwa na wakali. Tuliwaona siku tulipokuletea barua kwa mkono, wakawa ndio wa kwanza kutoka kwako kutusikiliza. Tafadhali tuazime mmoja, Jumamosi kuanzia saa tisa alasiri. Asilishwe asubuhi. Afungwe karibu na kibendera cha kona upande wa jukwaa la mashariki, na kamba iwe ndefu kiasi.

Beki wetu wa kulia tumeshazungumza naye. Amekubali, ila anaomba liwe paja la kushoto, kwa kuwa la kulia ndilo la kupigia krosi.

Wako mtiifu,
Shabiki wa jukwaa la mashariki