Namna ya Kung'aa Saio Huku Sufuria Imelala

Ndugu yangu, mshahara umetoka, na Bunia nzima itajua kabla jua halijatua. Usiiharibu siku nzuri hivi kwa kufikiria unga. Fuata hatua hizi.

1. Anza na miguu. Jina la mtaa wetu, Saio, lilikuwa pia la mji wa Ethiopia ambako mwaka 1941 askari wa Force Publique kutoka Kongo waliwashinda Waitaliano. Jina la ushindi halitembei na ndala. Nunua viatu vya ngozi vyenye ncha. Hakuna atakayekusimamisha barabarani akuulize umekula nini, ila viatu vyako vitapimwa na kila jicho.

2. Panga nyumba yenye geti. Ndani kusiwe na kiti, haidhuru. Geti la chuma ndilo linalotazamana na watu. Sheria ya 2015 inasema garanti ya nyumba ya kuishi mjini isizidi kodi ya miezi 3. Mwenye nyumba akidai 6, nyamaza ulipe. Ukitaja sheria atajua huna pesa.

3. Usiweke akiba. Wahenga walisema akiba haiozi, lakini wao hawakuficha dola chini ya godoro. Itoe hiyo noti ya 20 uipeleke sokoni. Mama wa mchele ataiinua juani, atapitisha kidole pembeni, atakuta mpasuko mdogo kuliko ukucha, kisha atakurudishia bila neno. Nzima nayo ina mambo yake: mwaka 2025 faranga ilipata nguvu, dola ikaporomoka kutoka zaidi ya faranga 2,800. Bei ya mchele haikupata habari hiyo. Basi tumia yote leo, ulale bila mawazo.

4. Punguza pasipoonekana. Makala yamepanda? Nyumbani wapike mara moja kwa siku. Waambie sombe iliyolala ndiyo tamu. Kuhusu masomo, shule za msingi za serikali ni za bure tangu 2019. Washauri watoto wasiharakishe kufika sekondari.

5. Usikose sherehe. Harusi ya mpwa wa shemeji wa jirani ni harusi yenu. Kitenge cha sare kinunuliwe, na cha mtoto mchanga pia. Ukiingia nganda, mhudumu asiondoe chupa tupu mezani. Yeye anazihesabu apate kukudai. Meza ya pili wanazihesabu wapate kukuheshimu.

6. Jihadhari na mama jirani. Huyu ndiye mfano mbaya wa mtaa. Anavaa ndala zilizoshonwa kwa uzi wa nailoni, na kila wiki anapeleka faranga zake kwenye likelemba. Zamu yake ikifika, badala ya kushona nguo anashusha gunia la unga na gunia la makala, analipa minervali ya muhula mzima, kisha anaendelea kufagia kiwanja kana kwamba hakuna kilichotokea. Watoto wako wasimwone sana.

7. Tarehe 12 ikifika, nyumbani patakuwa kimya na jiko baridi. Usiogope, dawa iko karibu. Chukua bakuli uende kwa yule yule mama jirani ukaombe unga. Ila usiende mwenyewe, mtume mtoto. Viatu vyako vinang'aa mno kwa kazi hiyo.