Mchagua Bendi: Mhadhara wa Profesa wa Gitaa

Ndugu wanamuziki, wapenzi wa dansi, na ninyi wawili mliosimama mlangoni mkingoja mvua ikatike: itifaki imezingatiwa. Mimi ndiye Profesa. Uprofesa huu sikupewa na chuo, maana vyuo vina mambo ya mitihani. Niliuona unanifaa, nikauchukua. Nchi hii imekuwa na King Kiki, imekuwa na Dokta Remmy, na Marijani Rajabu aliitwa Jabali la Muziki. Wenzangu hao walisubiri mashabiki wawape vyeo. Mimi sipendi kuwasumbua watu.

Mada yetu leo ni nzito: mwanamuziki anayetafuta bendi achague kwa kiasi gani? Nimeandaa masharti saba. Kila moja limetokana na uzoefu wangu mwenyewe, kwa hiyo msitafute kwenye vitabu.

Sharti la kwanza ni jina la bendi. Chukueni mfano wa NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Chama kikabadili jina, bendi ikawa Juwata. Kikabadili tena, ikawa OTTU. Leo ni Msondo Ngoma. Watu wanaona ajabu kwamba bendi imepita katika majina yote hayo na bado inapiga. Mimi naona hasara ya kadi. Fikirieni mtu wa hadhi yangu anachapisha kadi mpya kila viongozi wakikaa kikao! Zangu nilichapisha mia tano, nzuri, zenye picha ya gitaa la dhahabu na maneno "Mpiga Solo wa Kimataifa". Nimezitunza vizuri mno. Zimebaki mia nne na tisini na kitu.

Kuna mtu ananong'ona pale: kimataifa kivipi? Swali zuri. Mwaka 1970 Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz walikwenda Japani, kwenye maonyesho makubwa ya Osaka. Mimi sikwenda. Lakini gitaa langu la kwanza liliundwa Japani likaja huku, kwa hiyo tulipishana tu njiani. Gitaa lenyewe kwa sasa lipo mahali salama, kwa mtu aliyenikopesha fedha kidogo. Hili nililoshika nimeazimwa na kijana huyu wa mstari wa mbele. Asante, kijana. Ndiyo, nimesikia, uzi wa tatu umelegea. Ulikuwa hivyo nilipolipokea. Anasema haukuwa. Tuendelee.

Sharti la pili: bendi iwe ya watu wenye msimamo, wasiohamahama. Hapa sina budi kusema ukweli mchungu kuhusu Mzee Muhidin Gurumo, Mungu amrehemu. Alianza huko kwenye kina Kilimanjaro Chacha, Rufiji Jazz na Kilwa Jazz. Mwaka 1964 yuko NUTA. Mwaka 1978 yuko Mlimani Park, na mtindo wao wa Sikinde ukashika mji. Mwaka 1985 yuko Orchestra Safari Sound, na mji mzima ukacheza mtindo wao wa Ndekule. Kisha akarudi Msondo, akaimba mpaka uzee ukamstaafisha. Hassan Bitchuka naye, ukiuliza yuko bendi gani, unatakiwa kutaja na mwaka. Kila walikokwenda, mashabiki waliwafuata na kiingilio kikalipwa. Je, huo ni msimamo?

Nitazameni mimi. Sijahama bendi hata mara moja. Nendeni Magomeni, nendeni Kinondoni, nendeni mpaka Temeke, mkaulize: kuna kiongozi yeyote wa bendi anayelalamika kwamba Profesa alimtoroka? Hamtampata. Usafi wa namna hiyo, ndugu zangu, ni nadra katika muziki wetu. Naomba makofi.

Asante, mmoja anatosha.

Na hao kina Gurumo walau walihamia kwa wenzao. Kule Nairobi, mwaka huo huo wa 1978, vijana wa Simba Wanyika walijitenga wakaunda Les Wanyika. Wakatoa wimbo wakauita "Sina Makosa". Ukiona mtu anaanza kujitetea kabla hajashtakiwa, ujue ana lake. Wimbo huo mpaka leo unajaza watu uwanjani kwenye harusi, wazee kwa watoto, jambo linaloonyesha jinsi umma unavyoweza kupotoshwa kwa muda mrefu.

Hapo hapo niingie sharti la tatu, yaani nafasi yako katika bendi. Mimi ni mtu wa solo. Dansi letu lina solo, lina second solo, lina ridhim, lina besi. Mpiga ridhim anashika kijipande kimoja, anakirudia tangu wimbo unaanza mpaka unachemka, na hakuna anayemtazama. Kijana hapa mbele anasema akinyamaza yeye, wanaocheza wote wanapotea mguu. Inawezekana. Lakini nani atatoka kwenye meza yake, apite katikati ya ukumbi, akambandike noti usoni mtu wa ridhim?

Anasema Omari Shabani wa Les Wanyika alipiga ridhim mpaka watu wakamwita Profesa. Kijana, huyo alilazimika kupiga ndipo aitwe. Umesahau nilichoeleza mwanzoni?

Hebu simama, nataka kukutumia kama mfano mbaya. Nyosha mkono wa kushoto. Mnaona? Ncha za vidole zina sugu, ngumu kama kwato, na kila kidole kina mfereji pale uzi unapokaa. Sasa tazameni vyangu. Laini, safi, havina hata alama. Hivi ni vidole vya mtu aliyejitunza akingoja bendi inayomfaa. Huyu ni mtu aliyeharibiwa na kukubali kila kitu. Alipiga kwenye kipaimara. Alipiga kwenye send-off. Alipiga kopi za watu kwenye baa ambayo jukwaa lake lilikuwa makreti ya bia. Siku moja mpiga besi wa bendi fulani akaugua. Huyu besi hajawahi kuishika, akasema atakwenda. Nyimbo akazisikiliza kwenye simu, njia nzima, ndani ya daladala. Yule mgonjwa alipopona, akamkuta huyu amekwisha kupewa sare, basi huyu akahamishiwa kwenye ridhim palipokuwa na pengo. Leo yuko hotelini, siku tatu kwa wiki, analipwa na chakula juu. Huko ndiko kutochagua kunakomfikisha mtu. Nayasema haya bila wivu. Hata ukumbi huu amelipia yeye, kwa sababu ananiheshimu.

Msidhani mimi sikuitwa. Niliitwa! Bendi moja kubwa, jina nalihifadhi, ilinipigia simu asubuhi na mapema. Nikawauliza: nitasimama upande gani wa jukwaa? Wakasema kazi yenyewe si ya jukwaani, walitaka mtu wa kusaidia kupakia maspika. Nikakataa papo hapo. Mtu wa pili katika orodha yao alikubali. Alianza kwa maspika, akawa anatuni magitaa wakati wenyewe wanakula, na sasa nasikia ndiye second solo. Mgongo wake lakini unamuuma mpaka leo, nimeambiwa.

Wazee wana methali za kuwakatisha tamaa watu wa viwango. Wanasema mchagua jembe si mkulima. Mimi mkulima? Wanasema pia mchagua nazi hupata koroma. Uongo mtupu. Nimechagua ujana wangu wote, na hata hiyo koroma sijaiona.

Sharti la nne ni malipo. Mwaka 1983 shirika la DDC liliichukua Mlimani Park, wanamuziki wakawa waajiriwa wenye mshahara. Wengine wengi walikuwa mkononi mwa mwenye vyombo: gitaa lake, maspika yake, jenereta yake, na ukimkosea unatoka mikono mitupu. Kijana anauliza kama basi mtu asiye na gitaa anaweza kumchagua mwenye nalo. Swali hilo litajibiwa katika mhadhara mwingine.

Sharti la tano, la sita na la saba nayataja kwa pamoja, kwa kuwa mvua imekatika na naona mlangoni pamekuwa peupe: nauli ya kwenda na kurudi, picha yangu peke yangu kwenye bango, na mazoezi yasianze kabla ya saa nane mchana. Kuhusu mazoezi, bendi zetu hazikupi karatasi. Wimbo unaushika kwa sikio, siku baada ya siku, mpaka mikono yenyewe iujue. Mimi mazoezi siyahitaji, kwa sababu sijawahi kukosea mbele ya watu.

Kijana, mbona unasimama? Gari la bendi limefika? Basi subiri niwapigie hawa kipande kimoja kidogo... Haya, chukua gitaa lako. Wasalimie. Waambie msimamo wangu ni ule ule, wao ndio wajitafakari.

Sasa napokea maswali. Hakuna? Basi hoja zangu zote zimepita bila kupingwa, na iandikwe hivyo. Mhadhara wa pili ni Jumapili ijayo, hapa hapa, saa kumi kamili, na mada ni "Jinsi ya Kuacha Bendi kwa Heshima". Mtakaobaki, naomba mnisaidie kurudisha viti kabla ya magharibi. Vimekodiwa kwa jina la mke wangu, na yeye hajui.