Karibuni Likoni, Mpake Rangi

Likizo za Ulaya zikianza, wanafunzi hao! Wanashuka feri Likoni na brashi mkononi, wamekuja kujifunza kwa jamii. Somo lenyewe ni ukuta wa darasa, ule ule waliopaka wenzao mwaka jana. Fundi wa rangi, mwana wa mtaa, yuko barazani anatazama kibarua chake kikifanywa na mtu aliyelipa nauli ya ndege ili akifanye. (Maskini, hata ngazi ni yake.)

Sasa kijana wa Likoni naye aombe kwenda London, akajifunze kwa jamii ya huko huku akiwapigia deki. Ataulizwa taarifa za benki na kama kweli atarudi kwao. Akinyimwa viza, ada hairudishwi.