Namna ya Kukaa na Bendi Mbili Ndani ya Punje Moja

Anza kwa kutafuta kopo lenye vumbi kwenye rafu ya kemikali. Magnesi diboridi, unga wa rangi nyeusi, ulijulikana kwa wanakemia tangu miaka ya 1950, ukauzwa kama kemikali nyingine yoyote, wala hakuna aliyeing'amua siri yake. Mnamo Januari 2001 kundi la Jun Akimitsu wa Chuo Kikuu cha Aoyama Gakuin, Japani, lilitangaza kwamba ukipozwa hadi kelvini 39, takriban nyuzi 234 chini ya sifuri, unga huo hupitisha umeme bila ukinzani wowote. Misombo ya kawaida ya metali ilikuwa imekwama kwenye kelvini 23 tangu 1973. Mwenye rafu, kapanguse makopo yako!

Ukitaka waya, mapishi ni mepesi. Fungia uzi wa boroni na vipande vya magnesi ndani ya chombo kilichozibwa, kisha tia kwenye tanuri la nyuzi 950 kwa saa 2. Boroni haitayeyuka, maana inahitaji zaidi ya nyuzi 2,000. Magnesi ndiyo itakayogeuka mvuke na kuifuata huko huko iliko. Paul Canfield na wenzake wa Ames, Iowa, walipika hivyo mwaka ule ule.

Sasa pima pengo la nishati, na hapa usiwe na haraka. Tangu 1957 nadharia ya Bardeen, Cooper na Schrieffer inatufundisha kwamba elektroni hutembea jozi jozi, na kuivunja jozi kuna gharama; gharama hiyo ndiyo pengo. Kwa kelvini 39, hesabu ya bendi moja, yaani kundi moja la elektroni, inadai pengo la milielektronivolti 6 hivi. Vipimo vikaleta mawili: moja la karibu 7, jingine la zaidi kidogo ya 2. Nakusihi, usitafute wastani. Wastani huo haukai popote ndani ya fuwele.

Tazama boroni zilivyojipanga, tabaka juu ya tabaka, kila tabaka likiwa na pembesita zilizoungana. Elektroni za bendi ya sigma hukaa ndani ya tabaka, kwenye vifungo vyenyewe, hivyo boroni zikitetemeka nazo hutikiswa vikali. Huko ndiko jozi imara zinakozaliwa. Elektroni za bendi ya pai hukaa juu na chini ya tabaka, na mitetemo hiyo haizigusi sana. Zingeachwa peke yake, zingesubiri baridi kali zaidi. Lakini bendi hizi ni kama nyumba mbili zenye mlango wa uani: anayepika vyema humpelekea jirani sahani, na wote wawili hulala wameshiba. Jozi huhama kutoka bendi hadi bendi, na mapengo yote mawili hufungika kwenye kelvini zile zile 39. Suhl, Matthias na Walker waliiandika hesabu ya namna hii mwaka 1959. Hesabu hiyo ilibidi isubiri miongo minne kupata kielelezo safi kama hiki.

Ukiogopa kwamba uchafu utayachanganya mapengo yawe moja, tulia. Maumbo ya sigma na pai yanatofautiana mno pande mbili za tabaka, kiasi kwamba elektroni moja moja haivuki kwa urahisi hata palipo na dosari. Hilo ndilo jambo linalonifurahisha kuliko yote katika msombo huu.

Kisha kuna superkondakta za chuma, misombo mingine inayopitisha umeme bila ukinzani, zilizovuma mwaka 2008 kupitia kundi la Hideo Hosono wa Tokyo, kwa kelvini 26. Humo bendi husukumana, na wengi wanaamini mapengo yake yana alama zinazopingana. Huo ni upishi mwingine kabisa.

Kwa hiyo wewe mwenye sampuli mpya mezani, kabla hujaandika pengo moja kwenye daftari, pima joto mahususi hadi chini kabisa ya kelvini 10. Bendi dhaifu hujitokeza huko.