Kitunguu Chenye Miguu Minne: Tathmini ya Wanyama wa Mmea wa Pokémon Kutoka Shambani Matete

Kati ya maamuzi ambayo binadamu hutakiwa kuyafanya kabla hajapata habari za kutosha, kama vile kununua ng'ombe sokoni jua likizama au kumwazima jirani jembe jipya, uamuzi wa kuchagua mnyama wa kuanzia katika michezo ya Pokémon unastahili uzito ambao wasomi hawajaupa. Mfululizo huu wa michezo ya video, uliobuniwa na Satoshi Tajiri, Mjapani aliyependa kukusanya wadudu alipokuwa mtoto, ulianza kuuzwa nchini Japani mnamo Februari 1996 kwa ajili ya Game Boy, kifaa cha mkononi cha kampuni ya Nintendo. Mchezaji huzunguka nchi ya kubuni akikamata viumbe wa ajabu, akiwafunza na kuwapiganisha, na kabla hajaondoka kwao huonyeshwa viumbe watatu, mmoja wa mmea, mmoja wa moto na mmoja wa maji, kisha akatakiwa kumchukua mmoja tu na kuwaacha wenzake. Huyo achukuliwaye ndiye mnyama wa kuanzia. Tangu Bulbasaur wa mwaka wa 1996 hadi Sprigatito wa mwaka wa 2022, matoleo makuu yameleta wanyama tisa wa kuanzia wa aina ya mmea, nao wana sifa moja ya pamoja, kwamba watu huwasifu kwa upole na kumchukua yule wa moto.

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba kundi hili limehukumiwa na waamuzi ambao hawajawahi kulima. Kila kiumbe wa Pokémon ana aina, yaani asili inayoamua nani atamuumiza nani: pigo la aina inayomlemea mpinzani huongezeka mara mbili, na mpinzani akiwa na aina mbili ambazo zote ni dhaifu mbele ya pigo hilo, huongezeka mara nne. Mmea huyalemea maji, udongo na mawe. Lakini wenyewe hulemewa na moto, barafu, sumu, wadudu na viumbe wanaoruka. Mtu aliyekulia kwenye lami huiona orodha hiyo kuwa kisirani cha mbuni. Mkulima wa Matete, kaunti ndogo iliyo kaskazini mwa Kakamega ambako mahindi na miwa hugombania kila ekari, huiona kuwa daftari lake la hasara limechapishwa Japani bila idhini yake.

Daftari hilo halina ukurasa mtupu. Moto huingia kwenye miwa wakati wa kiangazi, na muwa ulioungua usipofika kiwandani upesi hupoteza sukari na bei pamoja, huku kila mtu kijijini akiwa na hakika ya nani aliyewasha na hakuna aliyemwona. Barafu huja kama mvua ya mawe, ambayo kwa dakika chache huyachana majani ya mahindi yakabaki nyuzi za kusukia mkeka. Wanaoruka ni kunguru, ambao huufuata mstari wa mbegu zilizofukiwa asubuhi wakazifukua kwa mpangilio bora kuliko ule wa mpanzi. Wadudu hawahitaji kutambulishwa tangu mwaka wa 2017, viwavijeshi vamizi wenye asili ya Amerika walipoingia Kenya na kuanza kula mahindi ya magharibi bila kubisha hodi. Ama sumu, hiyo hutoka kwa jirani anayepulizia dawa ya magugu siku ya upepo, dawa ikavuka ua na kukausha kunde za watu, naye akaja jioni kusema pole kwa sauti ya mtu ambaye kunde zake ziko salama. Wakosoaji husema kwamba mmea ni aina ya walioshindwa. Lakini kiumbe ambaye hupigwa na haya yote na bado huamka kesho kwenda kazini angepaswa kuitwa mkulima.

Palipo na utata ni kwenye dai la kwamba mmea huushinda udongo. Mwezi Aprili, mvua ndefu zikikolea, tope la Matete hummeza mwendesha bodaboda pamoja na abiria na kuku aliyebebwa, na hakuna jani lililowahi kuonekana likiwatetea.

Bulbasaur, wa kwanza kwa umri, ni kiumbe wa miguu minne mwenye sura ya chura na mbegu kubwa mgongoni, mbegu ambayo kwa maelezo ya mchezo wenyewe alipandikizwa alipozaliwa na hukua pamoja naye. Umbo la mbegu hiyo limezua mgogoro wa kitaalamu katika boma moja la Matete, ambamo kukhu, yaani nyanya kwa lugha za Kiluhya, alimwona kwenye simu ya mjukuu wake na kuuliza kwa nini kitunguu kikubwa hivyo hakijavunwa.

"Kukhu, hicho si kitunguu, ni mbegu."

"Mbegu isiyopandwa huliwa na panya," akajibu, na akaendelea kuchambua mrenda.

Mjukuu alijitahidi kueleza kwamba kiumbe huyo hubadilika, neno ambalo katika michezo hii humaanisha kugeuka ghafla kuwa kiumbe mkubwa zaidi baada ya kupata uzoefu wa kutosha: akifika ngazi ya 16 huitwa Ivysaur na kuwa na chipukizi, na akifika ngazi ya 32 huitwa Venusaur na kufungua ua kubwa. Kukhu alitaka kujua ua hilo huzaa nini. Alipoambiwa kwamba halizai kitu, bali hutoa harufu, aliagiza simu iwekwe kando na mjukuu aende kwenye palizi, ambako angalau kuna matumaini. Ni haki kuongeza, kwa utetezi wa Bulbasaur, kwamba mchezo wa kwanza ulimpendelea waziwazi: kiongozi wa kwanza wa kushindana naye, Brock, hutumia Geodude na Onix, ambao ni mawe na udongo kwa pamoja, kwa hiyo pigo la mmea huwaangukia mara nne. Kwa upande mwingine, kanuni za mwaka wa 1996 ziliruhusu pigo la mdudu kumwangukia yeye vilevile mara nne, kwa kuwa alikuwa mmea na sumu, na wakati huo wadudu waliishinda sumu pia. Jambo hilo lilirekebishwa katika kizazi cha pili cha michezo hii, kasi ya marekebisho ambayo idara nyingi za kilimo zingeionea wivu.

Chikorita, aliyekuja na matoleo ya Gold na Silver mwaka wa 1999, ana jani moja kichwani na bahati mbaya isiyo na mfano. Kiongozi wa kwanza anayekutana naye hufuga wanaoruka, wa pili hufuga wadudu, na wa tatu, binti aitwaye Whitney, ana Miltank, ng'ombe wa maziwa anayejiviringisha kama pipa akiponda kila aliye mbele yake kwa nguvu inayoongezeka kila mzunguko, na akijeruhiwa hunywa maziwa yake mwenyewe akapona. Kwa wachezaji wa kizazi hicho jina la ng'ombe huyo halitajwi wakati wa chakula. Boma lililotajwa hapo juu lilimpokea kwa heshima, hata hivyo, na swali pekee lililoulizwa ni anatoa lita ngapi.

Inafaa kukaa kidogo na Chikorita, kwa sababu mizani ya vita na mizani ya shamba hutofautiana zaidi kwake kuliko kwa mwingine yeyote. Mwisho wa mabadiliko yake ni Meganium, ambaye orodha za wapiganaji humweka chini mara kwa mara; lakini maelezo yake rasmi husema kwamba pumzi yake huweza kuhuisha nyasi na mimea iliyokufa. Mtu anayemiliki kiumbe wa namna hiyo na kumpeleka akapigane na popo pangoni ana matatizo ya kupanga vipaumbele. Huko Matete angesimamishwa kwenye kona ya shamba mwezi Juni, akahema, na jirani wa dawa ya magugu asiwe na la kusema.

Torterra, hatima ya Turtwig wa mwaka wa 2006, ni kobe anayebeba mti na kipande cha ardhi mgongoni, na kwa kuwa ni mmea na udongo kwa pamoja, barafu humwangukia mara nne. Kwa ufupi ni shamba lenye miguu lisilo na bima. Treecko ni mjusi mwenye vijino vya kunasia nyayoni vinavyomwezesha kupanda ukuta, sifa ambayo mijusi wa kila paa la mabati wanayo bila kulipiwa. Snivy ana maringo ya mtoto aliyerudi likizo kutoka Nairobi. Chespin huishia kuwa Chesnaught, askari mwenye ngao ngumu, ambaye hata hivyo pigo la anayeruka humwangukia mara nne, na kwa hiyo hapaswi kamwe kuajiriwa kulinda mbegu dhidi ya kunguru. Grookey, nyani mwenye fimbo, hukua akawa Rillaboom, mpiga ngoma wa nguvu. Ngoma za isukuti za Waisukha na Waidakho wa kusini mwa kaunti, zilizoingizwa na UNESCO mwaka wa 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, zingeweza kumpa kazi ya heshima, ila nyani yeyote aonekanaye karibu na mahindi huko magharibi hupokewa kwa mawe kabla hajaonyesha kipaji.

Silaha inayostahili hofu kuliko zote ni ile iitwayo Leech Seed, ambapo mmea humrushia mpinzani mbegu inayomwotea mwilini na kumfyonza kila zamu, kwa kiwango cha sehemu 1 ya 8 ya uhai wake wote tangu kizazi cha pili, na kumpa mfyonzaji uhai huo. Mtoto wa mjini huona huo kuwa ubunifu. Mtoto wa magharibi mwa Kenya ameshauona shambani kwa jina la striga, gugu lenye maua mazuri ya zambarau ambalo mizizi yake hujishikiza kwenye mizizi ya mahindi na kuyanyonya, na ambalo mche wake mmoja hutoa maelfu ya mbegu zinazoweza kulala udongoni miaka mingi zikisubiri kunusa mhindi. Dawa mojawapo ilitoka kwa kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE, ambacho wataalamu wake huko Mbita waligundua kwamba desmodiamu, jamii ya kunde inayopandwa kati ya mistari ya mahindi, huizuia striga. Katika mchezo hakuna desmodiamu. Kuna kumrudisha kiumbe ndani na kumtoa mwingine, njia ambayo haijafaulu kwa mahindi.

Yapo pia maafa ambayo hayahusiani na aina. Michezo ya zamani huhifadhi safari moja tu, na vijana wengi huicheza kwa emuleta, yaani programu ya kuigiza kifaa cha zamani ndani ya simu, simu ambayo kwa kawaida ni ya mama. Simu ya aina hiyo hulia mjomba akitaka kutumiwa pesa katikati ya pambano, huzima stima ikipotea, na hufika mikononi mwa mdogo wa miaka sita, ambaye huanzisha safari mpya, huhifadhi juu ya ile ya zamani, na kutangaza kwa fahari kwamba amechagua wa moto.

Huku Sprigatito, paka wa mwaka wa 2022 mwenye manyoya yanayofanana na mimea, akibaki kipenzi cha mabinti wa boma hilo, imegunduliwa kwamba akikomaa na kuwa Meowscarada huwa mmea na giza, aina mbili ambazo wadudu huzilemea, na kwa hiyo kiwavi mmoja humuumiza mara nne. Ushauri wa kukhu ulikuwa wa haraka na wa vitendo: atiwe majivu kwenye majani machanga ya juu, kama yanavyofanyiwa mahindi. Menyu yote imepekuliwa hadi mwisho, na kitufe cha majivu hakimo.