Akaunti Iliyolala

Akaunti iliyolala ni ile ambayo mwenyewe ameacha kuifungua, huku jina lake likiendelea kushika nafasi. Swali la kuifuta au kuiacha ni la zamani katika michezo ya maandishi, ambamo pango, upanga na joka vyote ni maneno kwenye skrini. MUD, babu wa michezo hiyo, ilianza 1978 katika Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, mikononi mwa Roy Trubshaw na Richard Bartle. Humo mchezaji hana sura wala kivuli. Jina ndilo mwili wake.

Wanaofuta hutoa sababu mbili. Ya kwanza, kuipunguzia kompyuta mzigo, imepoa: mchezaji wa maandishi hali nafasi hata ya picha moja ya harusi. Ya pili ina uzito: majina mazuri yameshikwa na watu walioondoka bila kuaga.

Soweto East, Kibera, jijini Nairobi, mchezaji wa MUD ni wa kutafutwa kwa tochi, lakini kadhia yenyewe inajulikana kupitia laini ya simu. Laini ikikaa muda mrefu bila kutumika hufungwa, na namba huuzwa upya. Mnunuzi hudhani amenunua namba, kumbe amerithi ukoo. Jumatatu hudaiwa mkopo ambao hakukopa. Alhamisi mweka hazina wa chama humkumbusha mchango wa mazishi. Jumapili shangazi hupiga kutoka Kakamega, na mrithi akisema kuwa yeye siye, huambiwa Nairobi imemharibu hadi sauti.

Mwenye namba wa kwanza naye akirudi kutoka ushago, barua pepe yake humtaka tarakimu za siri, zilizotumwa kwa namba ileile. Humpigia mrithi na kumsihi amsomee. Mrithi, aliyekwisha kuonywa kuhusu matapeli, hukata simu.

Kiini cha tatizo ni muda. Mwaka 2023 Google ilitangaza kufuta akaunti za binafsi zisizotumika kwa miaka 2. Wakazi wa Kanda A ya Soweto East walihamishiwa Lang'ata 2009 ili nyumba mpya zijengwe. Nyumba 822 zikakabidhiwa 2016. Kwa kipimo cha Google, wangekuwa wamefutwa mara tatu kabla ya kupewa funguo.

Kenya ina kipimo cha upole zaidi. Chini ya sheria ya 2011 kuhusu mali za kifedha zisizodaiwa, pesa zilizolala hupelekwa kwa mamlaka maalumu, na mwenyewe akijitokeza na uthibitisho hurudishiwa. Michezo ya maandishi inaweza kuiga: jina la aliyeingia mara moja akapotelea mlangoni lipewe mgeni, la aliyejenga ngome na kudaiwa upanga liwekwe ghalani, pamoja na deni lake.