Barua ya Wazi kwa Walionipa Leseni: Na Hili Jiwe Lilifanyiwa Mtihani Wapi?

Wingwi, Wilaya ya Micheweni, Pemba
(kwa sasa: ndani ya kirikuu cha ami yangu, Darajani, Unguja)

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Ofisi Iliyonipa Leseni

YAH: LESENI YANGU, MJI WENU NA JIWE



Jina la ofisi yako silitaji. Usidhani ni heshima. Leseni hii ina tarehe ya mwisho, na siku nikija kuihuisha sitaki karani anitazame mara mbili.

Mimi ni kijana wa miaka 19, mzaliwa wa Wingwi. Nilingoja nitimize 18 kama sheria inavyotaka. Kaka zangu hawakungoja, nao ndio walionifundisha. Nilipimwa macho, nikaambiwa naona. Nikaulizwa alama za barabarani, nikazitaja zote, hata ile ya treni, ambayo tangu reli ya Bububu ing'olewe karibu miaka mia iliyopita haina kazi visiwani hapa. Kisha nikarudi rivasi baina ya ndoo mbili katika kiwanja cha mpira, mtahini akiwa kivulini chini ya mwembe.

Ndoo zile, Mheshimiwa, zilikuwa na adabu. Hazikunipigia honi wala hazikunitukana. Hakuna ndoo iliyotokea kushoto imesheheni abiria, ikasimama mbele yangu ghafla kwa kuwa bibi mmoja kagonga bati kutaka kushuka. Mtahini akaandika kuwa nimefaulu, nami nikatoka pale nikijua nimeruhusiwa kuendesha gari. Kumbe niliruhusiwa kuendesha gari baina ya ndoo.

Nikueleze kidogo barabara nilizokulia, maana naona ramani ya ofisini kwenu inaishia Chake. Foleni kubwa ya Wingwi ni gari la ng'ombe lenye kuni, nyuma yake baskeli, na nyuma ya baskeli mbuzi ambaye hajaamua. Ukiwa njiani kwenda Konde ukakutana na gari nyingine, mnapunguza mwendo, mnaulizana hali, na mwenzako akiwa mtu wa Tumbe unamuuliza bei ya samaki. Walio nyuma hungoja. Nao wanataka kuijua hiyo bei. Msimu wa karafuu, ukielekea Wete, majamvi huanikwa hadi kwenye ukingo wa lami, na dereva hupita hapo kwa mwendo wa mtu aliyechelewa kuingia mskitini, kidogo kidogo, macho chini. Ukikanyaga jamvi umekanyaga mahari ya mtoto wa mtu.

Na honi, kwetu, ni salamu. Hili lishike, ndilo lililoniponza.

Dereva wa ami alipata kazi Maskati. Ami akapiga simu nyumbani: "Huyo kijana si ana leseni? Aje." Nikapanda meli Mkoani, leseni mfukoni, nikaitoa kuitazama mara tatu kabla ya kuteremka Malindi. Kesho yake asubuhi nikapewa kirikuu chenye mikungu ya ndizi, ami kando yangu, tukaingia kipilefti cha Michenzani.

Hapo ndipo yanapokutana yale majumba marefu aliyoyaanzisha Mzee Karume, na katikati umesimama mnara wa Mapinduzi. Nilipofika tu, daladala ya nyuma ikanipigia honi. Nikainua mkono: waalaykumu ssalaam. Ikapiga nyingine, ya kulia. Nikainua mkono. Ikapiga Vespa, ikapiga teksi, ikapiga lori la mchanga, nami sikumwacha mtu bila kumjibu, maana mama kanilea vizuri. Nikawaza: watu wa mji huu wanasingiziwa bure, mbona wakarimu hivi. Ami alikuwa kimya. Tulipouzunguka mnara mara ya nne akaniuliza kwa upole kama nimetumwa kuuhesabia vigae.

"Ami, wananisalimu."

"Wanakutukana, mwanangu. Toka."

Mtihani wenu uliniuliza ni nani mwenye haki katika mzunguko. Nikajibu: aliyekwisha kuingia, na anayeingia humpisha ajaye kutoka kulia. Mkaniandikia vyema. Basi naomba vyema ile ifutwe, kwa sababu si jibu la kweli. Mwenye haki katika mzunguko ni mwenye gari iliyobonyea zaidi, kwa kuwa hana cha kupoteza. Anayemfuatia ni mwenye gari kubwa ya serikali, kwa kuwa hakuinunua yeye. Mwenye kirikuu cha ami hupita watu wakienda kulala.

Hayo nimesamehe. Kilichonifanya nishike kalamu ni maegesho.

Wazee wanasema Darajani palikuwa na daraja kweli. Maji ya bahari yalipita hapo, upande huu Mji Mkongwe, upande ule Ng'ambo. Wakaja watu na akili zao wakayafukia maji, daraja likaondoka, likabaki jina. Soko lenyewe lilijengwa 1904, na lingali hapo. Mimi nasema pengine tuliharakisha. Maji yalikuwa yanakupwa, kila siku yakiondoka kwa saa zinazojulikana. Magari yaliyochukua nafasi yao hayajui kupwa.

Tulizunguka hapo tangu saa mbili hadi saa nne kasoro robo. Ndizi zilipandishwa mbichi. Sitaki kusema zaidi. Mara nikaona nafasi. Nafasi hasa, Mheshimiwa, upana wa kirikuu na dhiraa moja ya ziada, mbele ya duka la vitenge. Moyo ukaruka. Nikatia rivasi kama nilivyofundishwa, nikazivuta ndoo zangu mbili akilini, nikarudi taratibu, na ami akanishika bega.

Palikuwa na jiwe.

Jiwe la kawaida, ukubwa wa kichwa cha ndama, limepakwa chokaa. Juu yake pameegemezwa kipande cha ufito, na juu ya ufito kopo la rangi tupu, ili asiyeliona jiwe alione kopo. Nikashuka nikaliinua. Akatoka mtu dukani, kikombe cha chai mkononi, wala hakuwa na hasira.

"Kijana, hilo jiwe lina mwenyewe."

"Na barabara je, mzee?"

"Barabara ya serikali. Jiwe langu."

Hoja hii nimeitafakari siku tatu nikilala na kuamka, na sijaona pa kuipasulia. Nikalirudisha jiwe pahala pake, nikaweka ufito, nikaweka kopo. Kopo likaanguka, nikaliweka tena. Wakati huo huo akaja kijana wa kukata risiti, kizibao kinamng'aa, akaniandikia ada ya maegesho. Nikamwambia sijapaki. Akasema umesimama. Nikamwambia nimesimama kwa sababu ya jiwe, na kama ada hulipwa na aliyeshika nafasi, basi amkatie jiwe, maana limeanza kabla yangu. Akalitazama jiwe kwa muda. Kwa kweli alilifikiria. Kisha akasema: "Jiwe halina namba ya usajili."

Wazungu huuita Mji Mkongwe Mji wa Mawe, na tangu mwaka 2000 UNESCO imeuweka katika orodha ya Urithi wa Dunia. Nilikuwa nadhani wanamaanisha majumba.

Siku ile tuliishia kulaza kirikuu mbali sana, mimi na ami tukarudi sokoni kwa daladala ya 505, mikungu mapajani. Daladala ile ilisimama pahala ambapo alama inakataza kusimama, mbele ya trafiki, tukashuka tukamshukuru dereva. Tulilipa nauli zetu mbili na ya tatu ya ndizi. Hapo nikaelewa kwa nini yule dereva wa ami alikwenda Maskati.

Sasa maombi yangu. Sikuombi unijengee maegesho, najua mipango ipo na michoro yake imepakwa rangi nzuri. Naomba mtihani uwe wa haki. Ikiwa kijana wa Wingwi atatahiniwa Wingwi, basi leteni foleni moja ya mazoezi kule kwetu. Si lazima iwe ndefu: daladala nne, Vespa kumi, hamali mmoja mwenye mkokoteni anayekwenda kinyume, na muuza urojo. Tutawalisha, tutawalaza, mbuzi tutamfunga. Mkiona gharama ni kubwa, andikeni tu juu ya leseni zetu kwamba ni halali kutoka Micheweni hadi bandarini Mkoani, na kwamba ng'ambo ya maji mwenye nayo ahesabiwe kama mgonjwa. Na swali la mawe liingie mtihanini. Liulizwe hivi: ukikuta jiwe, utafanyaje? Mimi niliyasoma mabango yote na jiwe halimo, na tangu nifike hapa jiwe ndilo alama pekee niliyoona watu wakiitii.

Ninalo pia swali la kitaalamu, na kwa hili nitashukuru jibu la maandishi. Kama ujuavyo, Micheweni, Wingwi hata Kiuyu, ardhi yetu ni mawe. Jembe halipiti. Wanawake wa kwetu huketi juani kutwa wakiyagonga kuwa kokoto, wakayauza kwa ndoo, na wakilimaliza jiwe moja lipo jingine chini yake. Jumatano nilimpigia simu baba. Akanichagulia moja ambalo nyundo ilishindwa, akalitia katika gunia, akampa mtu wa meli. Hamali wa Malindi aliuliza kuna nini humu, nikamwambia maegesho.

Nataka kujua: jiwe likivuka bahari linalipiwa nini? Linapimwa macho? Au litumie leseni yangu, maana mimi siitumii?

Nimeliweka leo tangu alfajiri, hatua sita kutoka lile la chokaa, na kirikuu kimelala nyuma yake kwa utulivu ambao sijauona tangu nije. Nimeanza barua hii kumepambazuka na hakuna aliyenipigia honi. Mwenye duka la vitenge alipokuja kufungua, alilisimamia jiwe langu na kikombe chake, akaliinamia, akapitisha kidole kwenye vile vitundu vya matumbawe.

"La wapi hili?"

"La Wingwi, mzee."

Akanywa chai kidogo.

"Nimelijua," akasema. "Langu la Kiuyu."

Wako mtiifu,
Dereva wa Baina ya Ndoo